Kamuntu asimame ao alale?

Jumanne, mwezi wa kumi. Mvua tangu alfajiri, na paneli yangu ya jua haina jua la kula.

Nina kichefuchefu. Nimepima malaria, sina. Jana nilikula wali na sombe ya majani ya muhogo, na sombe ilikuwa nzuri. Kwa hiyo si tumbo. Ni kitu kilicho mbele yangu mezani, kirefu kama kidole cha shahada, kimeinua mikono yake miwili ya chuma kama mtu aliyesimamishwa na askari njiani.

Wanaoufahamu ukurasa huu (mko kama kumi na watano, na mmoja wenu ni mimi nikiangalia kama picha zimefunguka) wananijua. Naitwa Zaina, fundi wa simu hapa Kindu, kibanda karibu na reli. Ufundi huu sikufundishwa na mtu, niliupata kwa kuharibu simu zangu kwanza. Nikimaliza simu za watu, naandika historia ya roboti ndogo za kuchezea, zile zinazokunjwa zikawa gari, ndege, saa ya mkononi au bastola. Nina wajukuu wawili, na wao hawachezi nazo. Bibi yao njo anacheza.

Kwa aliyefika leo, nampa historia kwa ufupi.

Baada ya ile vita kubwa ya dunia, mafundi wa vichezeo kule Japani hawakuwa na chuma. Wakaokota makopo matupu ya askari wageni, wakayakata, wakageuza ya ndani kuwa nje, wakapata magari na roboti. Kwa hiyo babu wa roboti wote ni kopo lililoliwa na askari. Baadaye wakajifunza kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, roboti wakawa wazito, watoto wakapenda ule uzito. Halafu petroli ikapanda, plastiki ikawa ghali, na watu wa plastiki waliokuwa warefu wakafupishwa mpaka wakaingia kiganjani. Watu wanafikiri udogo wao ni urembo. Ni umaskini. Kisha mtu fulani kiwandani, ambaye jina lake sijalipata na namwomba radhi, akawaza: kwa nini roboti aendeshe gari na yeye mwenyewe anaweza kuwa gari?

Wale wadogo kabisa waliuzwa ndani ya boksi la peremende pamoja na kipande cha chingamu. Duka liliandika peremende. Mtoto aliona roboti. Kila mtu alijua nani anadanganywa, na hakuna aliyelalamika.

Walipovuka bahari kwenda kwa matajiri, wauzaji wakawagawa pande mbili, wazuri na wabaya, wakawatungia vita isiyoisha kwenye televisheni, maana mtoto mwenye jeshi moja lazima anunuliwe na la pili. Wao walitengeneza vita ili wauze vichezeo. Sisi tulipewa vita, vichezeo vikasahaulika kwenye mzigo.

Wale watoto sasa wana vipara, na wanakusanya. Wananunua boksi ambalo halijafunguliwa, halafu hawalifungui. Na viwanda vimegundua ujanja mwingine: roboti mdogo zaidi, ndani ya mfuko uliofungwa usioonyesha kilichomo. Unanunua kama kipofu. Kwetu Maniema mtu akikuuzia kitu ndani ya mfuko uliofungwa, unaita kaka zako. Kule wanaita wenzao washangilie.

Nimeandika mambo haya miaka miwili nikicheka. Leo sicheki.

Huyu aliye mezani anaitwa Kamuntu, yaani mtu mdogo. Jina alipewa na wachimbaji wa dhahabu wa Kampene, miaka ya vita. Sisi tulikaa Kampene wakati ule. Treni ilikuwa haifiki, barabara zilikuwa za watu wenye bunduki, na vitu vyote vya dukani vilishuka kwa ndege ndogo ambazo zilirudi na madini yetu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, shule imefungwa nikiwa nimebakiza mwaka mmoja. Baba yangu, Mzee Ramazani, alinunua dhahabu ya wachimbaji pale barazani kwetu, na mimi njo nilikaa kwenye mizani, kwa sababu mkono wake ulitetemeka na wangu hautetemeki.

Siku moja ndege ilileta bali, furushi kubwa la mitumba. Nikakung'uta suruali ya mtoto wa Ulaya, mfukoni akaanguka Kamuntu. Mguu mmoja umekwaruzwa, kwingine kote mzima. Ukimkunja anakuwa kagari kenye magurudumu manne yanayozunguka kweli.

Wiki chache kabla yake, wenye bunduki walikuwa wamepita kwetu. Mizani waliiacha, mawe ya mizani wakayabeba, kwa sababu yalikuwa ya shaba na yaling'aa. Wanunuzi wengine walipimia sarafu za zamani za Zaire, lakini sarafu inasuguliwa, sarafu inabadilishwa, kila mnunuzi ana sarafu zake na ukweli wake. Baba akamwangalia Kamuntu. Akaazima kwa Hadji, jirani yetu, jiwe la tola moja. Tola njo kipimo chetu cha dhahabu, inapita gramu kumi na moja kidogo. Jiwe sahani hii, Kamuntu sahani ile, wachimbaji wamezunguka. Mizani ikalala sawasawa kama maji ya beseni.

"Mungu amemleta na uzito wake," Baba akasema.

Na ilikuwa kweli. Siku ile ilikuwa kweli. Tena Kampene nzima hakukuwa na mwingine kama yeye. Sarafu unaweza kubadilisha watu wakipiga kope. Kamuntu utambadilisha na nani? Wachimbaji wakampenda kuliko jiwe la Hadji.

Halafu ubishi ukaanza, ule ubishi ambao nadhani haujawahi kutokea mahali pengine popote walipofika hawa roboti.

"Akisimama anajikaza, anakuwa muzito. Mulalishe!"

"We! Umeshabeba maiti wewe? Muntu akilala njo anakuwa muzito. Musimamishe!"

"Maiti ni maiti. Huyu amepumzika tu."

"Amepumzika, na wewe ndiye utalipia usingizi yake."

Siku nzima. Nusu ya wachimbaji walitaka Kamuntu asimame, awe mtu, nusu walitaka alale, awe gari. Baba alisikiliza, akatoa hukumu ambayo ilimpa jina hadi Pangi: kila muntu achague. Basi kila aliyefika barazani, kabla ya salamu kuisha, Baba aliuliza, "Kamuntu asimame ao alale?" Mchimbaji alifikiri, alishauriana na wenzake, alikuna kichwa, akachagua. Mimi kwa kucha zangu nikamkunja au nikamkunjua.

Nilijua ni upuuzi. Nilisoma fizikia kidogo, na chuma hakina usingizi. Lakini walikuwa wanafurahi, na katika miaka ile ukimwona mtu anafurahi ulipita pembeni usimwamshe. Leo naliona jambo lingine, ambalo fizikia haikunifundisha. Mtu aliyechagua mwenyewe hanung'uniki. Akiambiwa dhahabu yake imepungua, anajilaumu kwamba angemsimamisha.

Mwezi uliopita, mkusanyaji mmoja wa Ulaya aliona picha ya Kamuntu kwenye ukurasa huu. Aliandika kwa Kifaransa kizuri chenye heshima. Alisema roboti wa aina hii wako wengi, na wangu kwa ile mikwaruzo hana thamani kubwa. Lakini roboti aliyepimia dhahabu katika vita vya Kongo, huyo ni mmoja tu duniani. Alitaka kumnunua. Aliomba vitu vitatu: uzito wake halisi, ushuhuda wa sauti wa mchimbaji aliyepimiwa naye, na picha ya mkono wa mchimbaji huyo umemshika.

"Mkono wenye makovu," aliandika, "kama inawezekana."

Kama inawezekana! Kama mtu anayeagiza samaki, na kichwa kisikatwe.

Nikakubali. Niandike hili bila kulizunguka: nilisoma maneno yale, nikasonya, nikaita Ulaya nzima majina, halafu nikakubali. Nilitaka betri mpya za paneli. Nikampigia simu Baba Asumani kule Kampene, mchimbaji wa zamani ambaye alikuwa akija barazani kwetu na mdogo wake Selemani. Nilifikiri atakataa, ni mzee sasa, na njia ni matope. Akajibu, "Kwa jina la Mzee Ramazani? Ninakuja, hata kwa miguu." Siku mbili nyuma ya pikipiki, kwenye mvua hii. Kwa ajili ya mkono wake wenye makovu.

Leo asubuhi, kabla hajafika, nikataka kumalizana na lile la kwanza, uzito. Niliazima mizani ya betri kwa jirani anayenunua dhahabu. Wakusanyaji wameandika uzito wa aina hii ya roboti kwenye kurasa zao, kwa sababu njo hivyo wanagundua wa bandia: wa bandia ni mwepesi. Aliye halisi ana uzito wa tola moja. Baba alisema kweli kuhusu Mungu.

Wangu akapita. Gramu moja na nusu zaidi.

Kwanza nilifurahi, ujinga wangu niuandike pia. Nilifikiri Kamuntu ni halisi kupita walio halisi. Nikapima mara ya pili. Nikamsugua kwa mswaki, labda ni uchafu wa Kampene. Mara ya tatu. Ndipo nikachukua bisibisi ya simu, nikafungua skrubu moja ya mgongoni.

Kifua cha roboti huyu ndani ni kitupu, nimekiona kwenye picha mia. Cha Kamuntu kilikuwa kimejaa. Kipande cha kijivu, kimebanwa kwa nta ya mshumaa. Nikakikwaruza kwa ukucha, kikakubali. Ni risasi, yale madini laini ya ndani ya betri za gari.

Nilimtafutia Baba mlango wa kutokea. Mimi ni binti yake, niruhusiwe. Nikajiambia, labda baada ya miaka Kamuntu alikuwa amelika, akapungua, Baba akamwongezea ili arudi kwenye tola. Nikampima mtupu, bila risasi. Tola moja. Kama siku ile mbele ya Hadji, mbele ya watu.

Mlango ukafungwa.

Halafu nikakumbuka mshumaa.

Ilikuwa mchana, kule Kampene, dirisha wazi, jua limefika mpaka mezani. Baba alinambia, "Kifua chake kinacheza, nataka kukikaza. Nishikie mshumaa." Nilimshikia. Msichana aliyesoma fizikia alisimama kwenye jua kali ameshika mshumaa unaowaka, na hakujiuliza mwanga huo ni wa nini. Nta ilinidondokea kwenye kidole gumba. Nililalamika. Baba akanipulizia kidole.

Nilikuwa bado nimekaa na kile kipande kiganjani niliposikia hodi. Baba Asumani, amelowa mpaka kofia. Nikakifunga kipande kwenye pindo la kitenge changu, nikarudisha skrubu haraka, nikatabasamu. Tabasamu lilikuja lenyewe, sikulisukuma. Hilo pia linanitia kinyaa.

Nilimpa taulo na chai. Hakuitazama chai. Alimwona Kamuntu, akamchukua kwa vidole viwili kama anavyochukuliwa kifaranga.

"Kamuntu! Uko muzima?" Akaniangalia, akamwangalia. "Zaina, wewe umenenepa. Yeye amebaki vilevile." Akampima kiganjani, mkono unapanda na kushuka. Mkono wa mtu aliyepima dhahabu maisha yake yote. "Lakini amekonda, huyu."

Nikashika pindo la kitenge.

"Ao ni uzee," akasema. "Ukizeeka kila kitu kinakuwa mwepesi, isipokuwa maji ya kuteka."

Nikawasha simu irekodi. Nilitaka aseme haraka, anywe chai, aende. Lakini Baba Asumani hakusafiri siku mbili ili aseme haraka.

Alieleza jinsi yeye na Selemani walivyoitaka ile baiskeli. Naikumbuka, nyeusi, ilining'inia kwenye dari ya baraza letu. Baba alikuwa akitoa baiskeli moja kwa tola moja kamili, bila kupungua punje. Ndugu hao wawili walikusanya vumbi lao la dhahabu miezi mingi ndani ya mabomba ya manyoya ya kuku, nta juu, nta chini. Selemani alisema wakiipata baiskeli wataacha shimo kabisa, watabeba mawese mpaka Kibombo, watarudi na mchele, watakufa kwa uchovu kama wafanyabiashara wengine wanavyokufa.

Wakaja mchana mmoja baada ya mvua. Asumani akasema Kamuntu asimame. Nikamsimamisha. Sahani yao ikapanda: dhahabu haikutosha. Selemani akasema, "Zaina, mulalishe." Nikamlaza. Ikapanda vilevile.

"Kidogo tu," Baba Asumani alisema, akaonyesha kwa ukucha. "Punje tatu, ine. Si kitu."

Selemani alicheka. Hilo nalikumbuka mwenyewe, alikuwa na pengo la mbele na alicheka akilionyesha. Alisema Kamuntu ana roho ngumu kama shemeji. Akamwambia Baba, "Mzee, baiskeli usimupe muntu. Ninarudi mbele chai ya yaya haijapoa." Asumani, yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa amechoka, akabaki barazani na chai. Selemani akarudi shimoni peke yake. Kuta zilikuwa zimelowa.

"Tulimutoa kesho yake," alisema Baba Asumani.

Kwamba Selemani alifia shimoni nilijua siku zote. Nilikuwa kwenye matanga, nilisonga ugali wa watu. Nilichokuwa sijui mpaka leo asubuhi ni hiki: tola yao ilikuwa imetimia. Ilikuwa juu ya sahani, mbele ya macho yangu. Alichorudi kutafuta shimoni hakikuwa shimoni. Kilikuwa kifuani mwa Kamuntu, na wakati Baba Asumani anasimulia, kilikuwa kwenye kitenge changu, nakigusa.

Nilifikiri amemaliza. Kumbe alikuwa hajafika kwenye kile kilichomtoa Kampene.

"Siku ya tatu ya matanga baba yako alikuja. Anasukuma ile baiskeli mwenyewe, na mukono yake ile inatetemeka. Akaiegemeza ku ukuta ya mama yangu. Akanambia, chukua, njo yako. Dhahabu hakutaka hata kuiona. Alilia, Zaina. Ni mununuzi gani wa dhahabu alifanya vile? Unionyeshe mumoja! Ile baiskeli ilinilishia watoto tano. Nimekuja huyu muzungu asikie. Uandike jina muzima ya baba yako, usikate."

Kisha, kwa upole: "Wengine walisema Kamuntu aliua Selemani. Mimi ninasema hapana. Mizani ni mizani. Kamuntu alisema tu ukweli."

Baada ya matanga yale Baba hakumweka tena Kamuntu kwenye mizani. Aliwaambia watu ameharibika, akamtia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na njia zilipofunguka tukahamia Kindu. Alifanya biashara ya mchele, alifia kitandani, msikiti ulijaa hadi nje. Mimi nilidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, sikatai. Lakini mtu anaweza kulia na kuficha kwa mkono uleule.

Najiuliza kwa nini hakuitoa ile risasi. Skrubu moja tu. Labda alishindwa kuigusa. Labda aliiacha imshuhudie. Sijui, na leo sina moyo wa kumchagulia lile jibu zuri.

Sasa niandike langu.

Baba Asumani alimaliza kusema, akanyoosha mkono ili nipige picha, maana nilikuwa nimemwambia kwa simu. Mkono una kovu refu la sururu na kidole kimoja kisichokunjika. Kamuntu amekaa katikati. Na mimi, risasi ikiwa kiunoni pangu, nilisema, "Baba, geuza kiganja kidogo, mwanga hautoshi."

Mwanga hautoshi.

Akageuza. Nikapiga picha tatu. Moja ilitoka nzuri sana.

Hapo njo kichefuchefu kilianza. Mzee aliona, akaniuliza kama nimekula, akanisukumia chai yake, ambayo sasa ilikuwa imepoa. Nilisema ni homa ya mvua. Kabla ya kuondoka akajaribu kumkunja Kamuntu. Miaka yote ile hakuwahi kumkunja yeye, kazi hiyo ilikuwa yangu. Vidole vyake vikashindwa, vinene mno. Akanirudishia.

"Mulalishe, mwanangu. Selemani alimupenda akilala."

Nikamlaza.

Amekwenda kulala kwa mpwa wake wa kike, ng'ambo ya mto, Alunguli. Kesho mchana mwenye pikipiki anamrudisha Kampene, na kwa miaka yake sidhani kama atakuja tena. Alivuka akiwa na furaha. Nilimwona kwenye mtumbwi, amejifunika plastiki, anamweleza mwenye kasia kitu kwa mikono yote miwili. Bila shaka alikuwa anamweleza habari za baba yangu.

Niliporudi nilimsimamisha Kamuntu tena mezani, nimtazame. Simu imelia mara mbili. Mkusanyaji. "Je, mzee amefika? Ninasubiri kwa hamu." Nilikuwa tayari kumwandikia kwamba Kamuntu hauzwi tena, kwamba ni mwongo, nimemfungua kifua nikaona. Vidole vikasimama. Nawajua hawa, nimesoma kurasa zao miaka miwili. Kasoro peke yake hushusha bei, kasoro yenye hadithi huipandisha. Nikimwambia kuhusu risasi, hatakimbia. Atauliza kama risasi yenyewe ipo, na kama naweza kuiweka kwenye kifuko chake. Atauliza kama kuna picha ya Selemani.

Hata ukweli nilionao una mnunuzi. Nimetema mate nje ya dirisha, nikakaa tena.

Najua sababu zote za kunyamaza, nimezipanga mezani kama vipuri. Mzee ana furaha. Selemani hafufuki. Baba amezikwa na jina safi, na jina hilo ninalivaa mimi na wanangu. Baiskeli ililisha watoto watano. Ukimwambia, unamnyang'anya mdogo wake mara ya pili, na baiskeli juu. Zote ni sababu nzuri. Zina uzito. Ila nimejifunza leo kufungua kitu chenye uzito mzuri nikaangalia ndani kuna nini, na ndani ya hizi zote nimekuta mtu mmoja, fundi wa simu, anayeogopa kutazamwa usoni.

Baba Asumani alisema Kamuntu alisema ukweli. Angesema lolote lingine ningeweza kunyamaza.

Kwa hiyo kesho, kabla ya pikipiki, ninavuka. Nitabeba mizani ya jirani, Kamuntu, na hiki kipande kwenye pindo la kitenge. Nitaviweka mbele ya Baba Asumani, nitamwonyesha Kamuntu mtupu, kisha Kamuntu aliyejazwa. Nitamwambia na ya mshumaa. Halafu nitanyamaza, naye ataamua Kamuntu asimame au alale, au atupwe mtoni Lualaba, au apigwe kwa jiwe, na mimi pia kama anataka. Picha nzuri nimeifuta. Ile sauti ni yake, nitamuuliza.

Nimeyaandika haya yote na nimeyahifadhi bila kuyatuma. Kidole kimesimama juu ya kitufe kwa muda mrefu, maana ni rahisi, ni rahisi mno, kuwaungamia watu kumi na watano wa mbali na kuacha yule mmoja ashike njia ya Kampene akinisifu. Huo ungekuwa mfuko mwingine uliofungwa, na mimi nimechoka kuwauzia watu mifuko.

Basi, wewe unayesoma: kama maneno haya yamekufikia, ujue nimeshavuka mto, na Baba Asumani ameyasikia kabla yako. Kama hajayasikia, huna unachosoma.